Nani Bado Ameshika Bomba?

Kwenye kona moja ya Manizales, mji wa milimani nchini Kolombia, pale mteremko unapopumzika kidogo kabla ya kuendelea kuteremka, kuna benchi la saruji lililoegemea ukuta wa duka la mikate. Paa la duka limejitokeza kiasi cha kuwakinga watu wanne na mvua. Wa tano hulowa bega. Doña Nubia, mama muuza kahawa, huegesha hapo kigari chake cha chupa za kahawa. Ng'ambo ya barabara lipo jengo la ghorofa ambamo watu hushinda wakizungumza na kompyuta, na wakichoka kuzungumza nazo hushuka kuja kuzisengenya. Ukitaka kujua programu ya nani imegoma, nani kaongezewa mkataba na nani anamwonea nani wivu, huna haja ya kupanda ghorofani. Kaa benchini, agiza kahawa, nyamaza.

Mchana ule mwenye wivu alikuwa Duván, na wala hakuhitaji kusengenywa, kwa sababu wivu ulikuwa umemjaa usoni. Benchini walimwita Kufuli. Baiskeli yake aliifunga kwa minyororo miwili, droo ya meza aliifunga hata akienda chooni, na kompyuta yake ilikuwa na neno la siri refu kiasi kwamba mwenyewe alilikosea kila asubuhi. Alikuwa ameketi na simu mkononi, kidole gumba kikielea juu ya kioo.

– Inapoa hiyo, – alisema Doña Nubia. – Kahawa yangu haijazoea kudharauliwa.

– Naitazama kwanza.

– Unatazama simu, mwanangu. Kahawa iko huku.

Kuliani kwake alikaa Don Gildardo, mzee mstaafu, ambaye jina lake la benchini lilikuwa Kadi, maana alianza kazi zama kompyuta zilipolishwa kadi za matobo na haikupita siku bila kuzitaja. Kushotoni alikaa Wbeimar, fundi wa nyaya za mtandao, waliyemwita Cheche tangu alipochomeka waya mmoja akauzima mtaa mzima.

– Haya, lete habari, – alisema Cheche. – Bado imekwama?

– Bado.

– Tangu juzi?

– Tangu juzi. Na saa tisa bosi, Mhandisi Consuelo, anataka kuiona ikifanya kazi.

Habari yenyewe kila mtu benchini aliijua. Kampuni ilikuwa imepewa kazi ya kukusanya vipimo vya mvua kutoka milimani, ili barabara zifungwe kabla udongo haujaporomoka. Mono, jamaa mwenye nywele za rangi ya mahindi, aliandika programu ya kuvileta vipimo. Duván aliandika ile ya kuvipokea, kuvijumlisha na kutoa jedwali. Kati ya programu hizo mbili lilipita bomba: ya Mono inamimina upande huu, ya Duván inakinga upande ule. Basi vipimo vilipita vyote, programu ya Mono ikamaliza kazi na kujifia zake kwa amani, lakini ya Duván ikabaki imekaa palepale inangoja, na jedwali halitoki. Mwezi huo mkataba mmoja tu ndio ungeongezwa, wa Duván au wa Mono. Hilo nalo benchini walilijua.

Halafu kulikuwa na Marleny. Marleny alikuwa mke wa Duván, na kazi yake humo jengoni ilikuwa kuzijaribu programu za wenzake mpaka zikiri makosa. Wiki hiyo alikuwa amehamishiwa meza ya jirani na Mono. Duván angeweza kuvumilia Mono asifiwe na bosi. Akijikaza, angeweza hata kuuvumilia ule mluzi ambao Mono aliupiga kila alipoandika. Kilichomchoma kilikuwa kicheko cha Marleny. Nyumbani alirudi amechoka, akavua viatu, akala arepa yake ya mahindi kimya. Kule mezani kwa Mono alicheka mpaka akafuta machozi. Duván alikisikia kicheko hicho kupitia kuta mbili, na kila mara moyo ulimwaka.

– Ni Mono, – alisema sasa. – Yeye ndiye anayeshikilia bomba.

– Fafanua vizuri, – alisema Kadi, – Doña Nubia asije akadhani tunazungumzia maji.

– Nimewasikia miaka yote hii, Don Gildardo. Nikichoka na kahawa nitakuja kuwaandikia programu mimi.

– Haya, sikia. Mfumo endeshi wa kompyuta hauruhusu programu moja kuingiza mkono kwenye kumbukumbu ya mwenzake. Kila moja na chumba chake. Zikitaka kupelekeana maneno, mfumo unazipa bomba lenye midomo miwili, mmoja wa kuandikia, mmoja wa kusomea. Anayesoma anasoma mpaka aambiwe "yamekwisha". Na mfumo haumwambii yamekwisha maadamu kuna yeyote ambaye bado ameshika mdomo wa kuandikia.

– Hata kama aliyeshika amenyamaza?

– Hata akinyamaza mwaka. Ameshika, basi anasubiriwa.

– Kama shemeji yangu aliyekwenda Panama, – alisema Doña Nubia. – Hatumi neno, lakini nguo zake hajaja kuzichukua. Na dada yangu yupo tu, anangoja.

– Hivyohivyo! – Duván alidakia. – Sasa, nani mwenye kuandika? Mono. Nani ameshika? Mono.

– Lakini programu yake si ilikufa? – Kadi aliuliza. – Ikifa, mfumo unainyang'anya kila ilichoshika.

– Inajifanya imekufa.

– Aisee! – Cheche alipiga paja. – Programu ya kujifanya maiti!

– Cheka tu. Siyo wewe uliyekwama.

– Mimi nasema ni mvua, – alisema Cheche. – Vipimo vya mvua, mvua yenyewe inanyesha, unyevu umeingia. Tarakimu zimelowa, zimekuwa nzito, zimekwama katikati.

– We Cheche, bomba hilo halina waya. Limo ndani ya kumbukumbu ya kompyuta.

– Kwani kumbukumbu hailowi? Zangu zinalowa kila Ijumaa.

– Hebu mpisheni mtu mzima aseme, – Kadi alikohoa. – Bomba limejaa. Lina kiasi chake lile. Likijaa, anayeandika analala mpaka anayesoma apunguze. Zama za kadi...

– Halikujaa, Don Gildardo. Limenywewa lote, halina hata tarakimu moja ndani. Nimeangalia.

– Basi tuoneshe ulivyoandika, tukutazamie.

Duván aliivutia simu kifuani kama mtu aliyeombwa avue shati hadharani.

– Hapana.

– Kwani Mono naye si aliomba kuitazama? – aliuliza Cheche.

– Aliomba jana. Nikamwambia akae na yake. Leo anaomba programu, kesho ataomba nini?

Hapo wote benchini walifikiria kitu kilekile. Doña Nubia alijitia kupangusa vikombe vilivyokwisha kupanguswa.

– Sasa ngoja nikwambie, – Cheche alisogea, sauti chini. – Mono kaficha programu ya tatu. Kadogo, hakaonekani. Kamekaa humohumo ndani kameshika mdomo wa bomba, kanakucheka. Saa tisa mbele ya Mhandisi, Mono anabonyeza kitufe, kanaachia, jedwali linatoka. Yeye anapigiwa makofi, wewe unatafuta kazi.

Duván alimtazama Kadi akitumaini mzee atalipinga jambo hilo. Mzee alikuna kidevu.

– Inawezekana, – alisema. – Zama za kadi, jamaa mmoja alinyang'anywa mchumba ofisini. Akachukua kadi za mwenzake za mshahara, akazichanganya na za mizigo. Mwenzake akahesabiwa kuwa gunia la kahawa la kwenda nje.

– Akasafirishwa? – aliuliza Doña Nubia.

– Jina lake lilifika bandarini Buenaventura. Yeye mwenyewe walimwahi.

– Umeona? – Cheche alimgonga Duván bega. – Na ule mluzi wake? Unafikiri ni mluzi wa bure? Anapiga mluzi, programu inasikia, inashikilia. Akinyamaza inaachia.

– Programu haisikii mluzi, Cheche.

– Yako haisikii. Yake je?

Duván alijua kwamba huo ni upuuzi. Lakini mwenye wivu hachagui. Upuuzi ukimfaa anaupokea kwa mikono miwili. Ujumbe ulikuwa umeshaandikwa kwenye simu tangu asubuhi, na sasa aliwasomea.

– "Mhandisi Consuelo, nimechunguza. Kosa liko upande wa Mono, programu yake haiachii bomba. Kwa usalama wa barabara, nashauri mkataba wake usiongezwe."

– "Kwa usalama wa barabara," – Kadi alirudia. – Hapo umepapanga vizuri.

– Tuma, – alisema Cheche. – Tuma kabla hajakuwahi yeye.

– Usitume kitu hujanywa kahawa, – alisema Doña Nubia.

Hakutuma. Kidole kilishuka, kikasita, kikarudi juu. Hakuwa na ushahidi, na alijua hana. Alikuwa na kile kicheko tu, na kicheko huwezi kukiambatisha kwenye ujumbe.

Wakati huo alifika mwanamke mmoja akitweta kwa mlima, kitambulisho cha kampuni kikining'inia shingoni, bado kina karatasi yake ya nailoni. Aliomba kahawa yenye sukari guru, akasimama pale pa mtu wa tano, bega likilowa.

– Mgeni? – Cheche alimuuliza.

– Leo ndiyo siku yangu ya kwanza. Naitwa Yamile.

– Karibu sana. Huyu ni Don Gildardo, mzee wetu. Mimi fundi. Huyu aliyenuna ni Kufuli, bomba lake limekwama na sisi tunamtibu.

– Nimesikia nikiwa pale kwenye ngazi. – Yamile alipuliza kahawa yake. – Samahani, labda sijaelewa. Hilo bomba lilitengenezwa na nani?

– Na programu yangu, – Duván alijibu, akajikuta amekaa wima. – Inatengeneza bomba, halafu inaizaa ya Mono kama mtoto wake. Mtoto anamimina, mama anakinga.

– Na mtoto anarithi midomo yote miwili.

– Yote miwili. Ndivyo mfumo unavyorithisha.

– Lakini mama hanyang'anywi yake.

– Hanyang'anywi. Kila mmoja anabaki na yote miwili, mpaka afunge asioutumia.

– Basi ule wa kuandikia, mama aliufunga?

Kadi aliangua kicheko hadi kahawa ikamwagika kwenye suruali.

– Binti, huyu anaitwa Kufuli! Mji mzima huu, mtu pekee asiyeulizwa kama amefunga ni huyu!

– Minyororo miwili kwenye baiskeli, – alisema Cheche. – Na kibati cha sukari nyumbani kwake kina ufunguo!

Duván naye alicheka, ila alichelewa. Kichwani alikuwa ameshaanza kuipitia programu yake, mstari baada ya mstari. Tengeneza bomba, ndiyo. Zaa mtoto, ndiyo. Mtoto afunge wa kusomea, ndiyo, hilo aliliandika. Mama... Baada ya hapo mama alianza kusoma moja kwa moja. Aliupitia tena mstari ule na unaofuata, akitafuta katikati yake kitu ambacho hakikuwepo. Hakuufunga. Programu yake ilikuwa imeshika mkononi mwake yenyewe mdomo ule inaosubiri wengine wauachie. Ya Mono ilimaliza kwa haki na kwenda zake. Tangu juzi, ya Duván ilikuwa inajisubiri yenyewe.

Mstari mmoja tu. Angemwachia Mono aitazame jana, Mono angeuona kabla kahawa haijapoa. Wazo hilo lingemtia mtu mwingine haya. Duván lilimtia hasira, kwa sababu alimwona Mono akiuona mstari ule, akipiga mluzi wake, na Marleny pale kando akisikia.

– Vipi? – aliuliza Yamile. – Aliufunga?

– Nitaangalia, – alisema Duván, na sauti ilimtoka nyembamba.

Kicheko cha Kadi kilikatika. Mzee alimtazama usoni, akaelewa. Cheche alimtazama mzee, naye akaelewa.

Mlango wa ng'ambo ulifunguka. Marleny na Mono walitoka chini ya mwavuli mmoja, na mwavuli wenyewe ulikuwa wa Duván, ule wa kijani alioufungia kamba mpini usipotee. Mono ndiye aliyeushika. Marleny alisema neno, Mono akainama kulisikia, kisha wote wawili wakacheka, Marleny akafuta macho kwa kiganja na kumshika Mono mkono ili wavuke. Kumshika mkono tu, barabara iteleze au isiteleze. Duván alihisi kama amemwagiwa kahawa ya moto kifuani. Alimchukia Mono kwa nywele zake, kwa mluzi wake, kwa kutokuwa na kosa.

Kidole kikashuka. Simu ikatoa ule mlio wake mdogo wa ujumbe unaokwenda, na benchi zima likausikia.

– Duván, – alisema Kadi polepole. – Umefanya nini?

– Kahawa imepoa, – alisema Duván.

Wale wawili wakafika.

– Za kijiweni! – Mono alipenyeza kichwa chini ya paa. – Kufuli, shika hii. Pandebono, bado ya moto. Marleny kasema hujala tangu asubuhi.

Mfuko wa karatasi wenye mikate hiyo ya jibini ulitua mapajani kwa Duván. Ulikuwa wa moto kweli.

– Kaka, nimelala nikiiwaza hiyo shida yetu, – Mono aliendelea. – Nimemwambia Mhandisi atupe siku moja zaidi, tuitazame wote wawili. Nikamwambia huenda hata kosa ni langu, nani ajuaye?

Simu ya Mono ikalia mfukoni. Akaisikiliza, akaitika mara mbili, akairudisha.

– Mhandisi ananiita. Sasa hivi, anasema. – Aliwatazama mmoja mmoja. – Kwani kuna nini?

Cheche aliinama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Mono alimkabidhi Marleny mwavuli, akavuka barabara mbio kwenye mvua, na kabla hajafika mlangoni alikuwa ameshaanza kupiga mluzi.

– Mbona mmekuwa mabubu? – aliuliza Marleny. – Leo kijiwe kimeishiwa maneno?

– Tumepata kosa, – alisema Yamile, ambaye alikuwa mgeni na hakujua nini hakisemwi. – Nadhani. Mama hakuufunga mdomo wa kuandikia.

Marleny alimgeukia mumewe.

– Programu yako?

– Yangu.

– Ina maana ilikuwa inajisubiri yenyewe?

– Siku zote hizi.

Marleny alikaribia kucheka. Kicheko kilikuwa kimefika kwenye pembe za mdomo, kilekile cha kule mezani, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo kilikuwa cha Duván. Kisha macho yake yakashuka kwenye simu. Kufuli, mtu wa kufunga kila kitu, safari hii alikuwa hajaifunga. Marleny aliichukua taratibu, akasoma. Alisoma muda mrefu kuliko urefu wa ujumbe wenyewe.

– Huu uliutuma kabla hujajua, – aliuliza, – au baada ya kujua?

Kadi, aliyekuwa na jibu la kila jambo tangu zama za kadi, alichungulia kikombe chake. Cheche hakuinuka kutoka kwenye kiatu. Doña Nubia aliibonyeza chupa na ikatoa hewa tupu.

– Kahawa imekwisha, – alitangaza, ingawa hakuna aliyeagiza.

– Baada, – alisema Duván.

Mvua ilinyesha. Marleny alimrudishia simu.

– Mlitoka mnacheka, – alisema Duván. – Umemshika mkono.

– Tulikuwa tunakucheka wewe. Nilikuwa namsimulia kibati chako cha sukari, unavyoamka asubuhi unatafuta ufunguo huku maji yanachemka. Nilikuwa namsimulia kwa sababu nakupenda na ujinga wako wote, Duván. Panda juu. Kamwambie Mhandisi kama ulivyoniambia mimi. Neno lilelile. Baada.

Duván aliinuka. Marleny hakumpa mwavuli, na Duván hakuomba. Alivuka akiwa na mfuko wa pandebono mkononi, karatasi ikilainika kwa mvua, na alipofika ng'ambo aligeuka kutazama. Marleny alikuwa ameketi benchini, palepale alipokuwa ameketi yeye, mwavuli wa kijani umelala magotini, macho yake yameukazia mlango. Mlango huo Mono alikuwa ameuingia, na Duván alikuwa anauingia sasa. Aibu ilikuwa imemjaa, na bado wivu ulipata pa kupenya ukamuuliza: anamngoja nani kati yenu? Alitaka kupaza sauti amuulize. Aliogopa kujibiwa.

Akaanza kupanda ngazi. Kutoka juu kabisa, Mono alipokuwa akingoja mlango wa Mhandisi ufunguliwe, alisikia mluzi wake ukipanda, ukichezacheza, kisha ukakatika katikati ya wimbo. Duván akaanza kukimbia ili awahi kulisema lile neno.